Mtoto Naye Amefiwa

Mazishi yetu sisi Waislamu ni ya haraka, na haraka hiyo imo katika mafundisho ya dini. Mtu hufariki usiku wa manane, na ikifika adhuhuri, au ikichelewa sana alasiri, huwa amekwisha kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Kwa mtu mzima hili ni jambo la rehema: maiti husitiriwa, na jamaa hupata kuanza kutulia. Lakini hebu tumtazame mtoto wa miaka sita aliyetoka asubuhi kwenda shuleni akamwacha babake kitandani. Arudipo saa nane mchana hukuta majamvi yametandikwa barazani, viatu vimejaa mlangoni, ukumbi umejaa wanawake wenye mabuibui, na kitanda cha babake kimetolewa. Hakuona lililotokea wala hakuambiwa. Humkimbilia mamake akamkuta amezungukwa na watu asiowajua, na mara mkono wa mtu humshika bega, akaambiwa: nenda nje ukacheze na wenzako.

Katika misiba yetu mingi, mkono wa taazia hupita juu ya kichwa cha mtoto. Hupewa mama, hupewa bibi, hupewa kaka mkubwa aliyefika na gari la usiku kutoka Nairobi. Mtoto hupewa biskuti.

Hatusemi kwamba mazishi yacheleweshwe. Tunalolisema ni kwamba siku hiyo, palipo na wa kwenda kuchimba kaburi, wa kununua sanda na wa kufuata kibali cha kuzikia, pawepo pia mtu mmoja ambaye kazi yake ni mtoto tu. Awe ni mtu aliyemzoea: mama mdogo, ami, shangazi, hata jirani anayemjua tangu alipozaliwa. Amfuate shuleni mapema, kabla hajasikia habari kwa dereva wa matatu au kwa wanafunzi wenzake. Amkalishe pembeni na kumwambia. Na kama mtoto ataka kuuona uso wa mzazi wake kabla sanda haijafungwa, aelezwe kwanza atakaloliona, kisha asizuiwe. Asiyetaka naye asilazimishwe. Tumewasikia watu wazima waliofiwa utotoni wakilalamika kwamba walinyimwa kumuaga mzazi. Waliolalamika kwamba waliruhusiwa, wakiwa wameandaliwa vyema, ni wachache sana.

Je, aambiwe vipi? Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, na tunateleza kwa huruma. Twamwambia babake amesafiri. Maneno haya popote pale si mazuri, seuze kwetu Pwani, ambako kusafiri ni jambo la kweli katika kila mtaa. Mtoto ana rafiki ambaye babake yuko Dubai, mwingine babake ni baharia, mwingine mamake ameajiriwa Jidda. Amewaona hao wakirudi, na sanduku la nguo na vitu vya kuchezea likifunguliwa sebuleni. Basi naye atalingoja sanduku lake. Atahesabu siku. Na siku moja, pengine barabarani tu, mtoto mwenzake atamwambia kweli. Nawe mzazi utakuwa umepoteza vitu viwili kwa pamoja, siri yako na imani ya mwanao kwako.

Wengine husema: amelala. Kisha hushangaa kwa nini mtoto akataa kwenda kulala, au kwa nini huamka usiku wa manane kumtikisa mamake atazame kama yu macho. Wengine husema Mwenyezi Mungu amempenda zaidi. Maneno haya mtu mzima hujua mahali pa kuyaweka, lakini mtoto huyasikia kwamba apendwaye huchukuliwa, naye huwatazama waliobaki mmoja mmoja akijiuliza ni nani atakayefuata. Hata maneno yetu mazuri ya adabu yana mtego. Twasema marehemu ametangulia mbele ya haki. Kwa mtoto, aliyetangulia ni yule aliye mbele kidogo njiani, na ukikaza mwendo utamfikia.

Yatosha kusema: baba amekufa. Alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo, si homa wala mafua kama yale unayoyapata wewe. Moyo wake umesimama. Hapumui tena, hasikii njaa, hasikii maumivu. Hatarudi hapa nyumbani. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea, nasi twamwomba atukutanishe na baba Peponi. Kisha nyamaza, umshike. Huenda akalia; huenda akauliza chakula kiko wapi. Yote mawili ni majibu ya kawaida.

Mtoto wa chini ya miaka mitano bado hajajua kwamba kufa hakuna kurudi. Utamweleza leo, akubali kabisa, na kesho jioni aulize baba atakuja saa ngapi. Si ukaidi huo. Mjibu kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile, hata mara ya ishirini. Akifika miaka sita au saba huanza kuelewa, lakini hapo huingia jambo jingine linalotutia hofu zaidi kwa sababu halionekani: mtoto wa umri huu hudhani kwamba fikira zake zina nguvu ya kutenda. Alimkasirikia mamake Alhamisi, mama akafa Jumamosi. Aliitwa apeleke maji akajifanya hasikii. Hukata shauri moyoni kwamba yeye ndiye sababu, wala hamwambii mtu. Kwa hivyo msingoje aulize. Mwambieni waziwazi kwamba si yeye. Hakuna alilolisema, alilolifanya wala alilolifikiri lililoleta mauti haya, bali ni ajali iliyokuwa imeandikwa na muda uliokuwa umefika. Kwenye umri wa miaka tisa au kumi hivi wengi huwa wamejua kwamba kila kiumbe hufa, na wao pia. Huyu ataweza kukuuliza maswali mazito, na mengine hayatakuwa na raha.

Kuna jambo la mtoto mfiwa linalowaudhi watu wazima: hucheza. Hulia kwa uchungu mpaka mwili ukatetemeka, na baada ya nusu saa huonekana uani akifukuzana na wenzake. Papo hapo mwanamke mmoja jamvini husema kwa sauti, hana hata haya huyu, matanga hayajaanuliwa. Tafadhali, akina mama, tusiseme hivyo. Kifua cha mtoto ni kidogo, nayo huzuni huibeba kwa mafungu. Hubeba fungu moja, akaliweka chini, akaenda kucheza, akarudi kubeba jingine. Na mara nyingine huo mchezo wenyewe ndio maombolezo. Atamlaza mwanasesere juu ya mkeka, atamfunika kitambaa cheupe, atawapanga wadogo zake safu wasalie. Aliyoyaona hakuyapatia maneno, basi ayasoma kwa mikono yake. Mwache. Ukitaka, kaa karibu umsikilize anachokisema.

Dalili nyingine hujificha kwenye mwili. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyezoea kulala peke yake hataki kuachwa. Tumbo humuuma kila asubuhi ya shule, na daktari akipima haoni kitu. Huyo hadanganyi, tumbo lamuuma kweli.

Kuhusu machozi, tuna deni la kuwalipa wavulana wetu. Mtoto wa miaka minane aliyefiwa na babake huambiwa siku ile ile, mbele ya watu: usilie, sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Amepokonywa baba na utoto kwa siku moja. Tungependa wasemao hivyo wakumbuke kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alilia alipomshika mwanawe mchanga Ibrahim akikata roho, na sahaba wake Abdurrahman bin Auf aliposhangaa kumwona akilia, alimfahamisha kwamba hiyo ni rehema. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kurarua nguo na kusema yasiyomridhisha Mola. Chozi halimo humo.

Na Mtume mwenyewe aliijua habari hii kwa ndani. Babake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mamake, Bibi Amina, alifariki Abwaa, njiani kati ya Madina na Makka, mtoto akiwa na umri wa miaka 6, na aliyemshika mkono akamfikisha Makka ni Ummu Ayman. Babu yake Abdul Muttalib akamlea, naye akafariki mtoto alipofika miaka 8. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alilizuru kaburi la mamake akalia mpaka waliokuwa pamoja naye wakalia. Mwenye kumwambia mtoto wa miaka 6 kwamba baada ya mwezi atakuwa amesahau, na ayatie habari haya akilini.

Tuwatajie visa viwili vingine, kwani ndani yake mna elimu ambayo vitabu vya malezi vya leo vyaizungukazunguka tu. Cha kwanza ni cha Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik. Mtoto huyu alikuwa na kindege chake, kikafa. Mtume alipofika nyumbani kwao akamwona ana huzuni, hakusema ni ndege tu. Alimwita mtoto kwa lakabu yake ya heshima na kumwuliza habari za kile kindege, kwa jina la kindege. Katika wingi wa mambo yake yote, alisimama kuuliza. Mzazi atakayejifunza kuuliza hivi paka anapokufa, au kuku aliyefugwa na mtoto anapochinjwa, atakuwa amekwisha kufungua mlango ambao siku ya msiba mkubwa mtoto ataujua.

Cha pili ni cha watoto wa Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Mtume alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mjane, Bibi Asmaa bint Umays, akaagiza watoto waletwe. Akawakumbatia, akawanusa, macho yake yakitiririka machozi. Akaamrisha familia ya Jaafar wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akarudi, akawaita watoto tena, akaagiza kinyozi awanyoe nywele. Kisha akawazungumzia mmoja mmoja: huyu afanana na fulani katika jamaa zetu, na Abdullah amefanana nami kwa umbo na kwa tabia. Akaushika mkono wa Abdullah akamwombea. Na mama alipotaja uyatima wa wanawe, alimwambia asiwahofie ufukara ilhali yeye ndiye msimamizi wao.

Tuyatazame aliyoyafanya. Aliwafuata watoto wenyewe, hakumpa taazia mama peke yake. Aliwagusa. Aliwaacha wamwone akilia. Alirudi siku ya nne, wakati ambao kwetu majamvi yamekwisha kukunjwa na watu wamerudi makazini. Aliwarudisha kwenye hali ya kawaida kwa jambo dogo kabisa, kunyolewa. Akawaambia wamefanana na nani, yaani wao bado ni wa ukoo huu na mahali pao papo. Na Abdullah bin Jaafar ndiye aliyeyasimulia haya alipokuwa mtu mzima. Hakusahau hata kinyozi.

Turudi kwenye nyumba zetu. Mvulana wa miaka saba humshika ami yake mkono akaenda mavani. Huliona jeneza likibebwa na wanaume wakipokezana, hutia mchanga kwa mkono wake, husikia dua. Amepata kazi na ameona mwisho wa jambo. Dada yake wa miaka tisa hubaki nyumbani. Jeneza lilitoka mlangoni, na kwake yeye kisa kimekatika hapo. Tumelifikiria sana hili. Hatuandiki kubadilisha ada ya mazishi, na kuhusu wanawake kuzuru makaburi wanazuoni wana maneno yao. Kila familia na imwulize imwaminiye. Lakini msichana naye apewe kazi. Aulizwe kama ataka kuleta marashi na udi wakati maiti anapoandaliwa. Kaka yake au ami yake, akirudi kutoka mavani, akae naye amweleze: kaburi liko chini ya mti gani, nani aliingia ndani kumpokea baba, mchanga ulikuwa wa rangi gani. Akitaka kuchorewa, achorewe. Kwa mtoto, jambo asilolijua ni baya kuliko analolijua.

Kisha kuna eda. Mtoto huona mamake amebadilika: hajitii wanja wala hina, hajifukizi udi, hatoki, nguo zake si zile. Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa mtoto, na kama mama ni mjamzito, eda yake ni mpaka ajifungue. Asipoelezwa, hudhani mama naye ni mgonjwa na yuko njiani kwenda alikokwenda baba. Aelezwe kwamba mama ni mzima, na hivi ndivyo dini inavyompa mjane muda wa kutulia, na siku fulani utakwisha. Wekeni alama kwenye kalenda ya ukutani ili aione ikisogea.

Kuna mkutano mmoja wa wakubwa ambao hufanyika mara tu matanga yakianuliwa, na mara nyingi mtoto yuko nyuma ya pazia akiusikia. Huyu atakwenda kwa bibi Lamu, yule atachukuliwa na mama mkubwa Malindi, mdogo kabisa abaki na shangazi yake Majengo. Nia ni njema, na mizigo ni mizito. Hatumlaumu aliye na chumba kimoja. Lakini watoto waliopoteza mzazi halafu wakatenganishwa hufiwa mara mbili. Ikiwa kuna njia yoyote ndugu wakae pamoja, walau mpaka muhula wa shule uishe, na ifuatwe hiyo, na wale jamaa waliotaka kuchukua mtoto mmoja mmoja wachange badala yake. Na watoto waambiwe uamuzi kabla gari halijafika.

Nguo za marehemu nazo hutolewa sadaka upesi, wakati mwingine siku ya tatu. Kabla hazijaondoka, mtoto achague kitu: kofia, tasbihi, leso ya mama yenye harufu yake. Warithi wakubaliane, kwani hata kofia ni mali ya urithi. Hapa twataka kusema neno gumu. Mali aliyoiacha marehemu mwenye watoto wadogo ina fungu lao ndani yake. Ng'ombe anayechinjwa na magunia ya mchele ya kulisha umati kwa siku tatu, yakinunuliwa kwa mali hiyo kabla haijagawanywa, yamenunuliwa kwa fedha za yatima ambaye hakuombwa wala hana uwezo wa kuruhusu. Surat An-Nisaa, aya ya 10, yatisha kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Sunna ya nyumba ya Jaafar ilikuwa majirani kuwapikia wafiwa. Sisi tumeigeuza, wafiwa ndio wawapikiao majirani. Na pakitokea mzozo wa mirathi, Mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo. Msimamizi wa mtoto aende huko mapema, akiwa na cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kabla shamba halijapata mnunuzi.

Mwalimu wa shule na ustadhi wa madrasa wajulishwe. Wa shule, ili asimwambie mtoto mbele ya darasa aandike insha juu ya baba yangu. Ustadhi, kwa sababu nyingine: kuna somo la adhabu ya kaburi, na mtoto aliyemzika mzazi wake wiki iliyopita hawezi kulisikia kama wenzake wanavyolisikia. Tumewahi kuletewa habari za mtoto aliyeacha kulala baada ya somo hilo. Mwalimu mwenye hekima atamfundisha kwanza juu ya rehema ya Mola. Mtoto atauliza kama baba husikia baridi mvua ikinyesha. Mjibu kwamba mwili wake hausikii baridi kama yetu, na kwamba yeye yuko katika ulinzi wa Mola wake, Mwenye kurehemu kuliko mama. Mwambie pia kwamba kuna zawadi impasayo kumpelekea: dua ya mtoto mwema ni katika mambo matatu ambayo hayakatiki mtu anapokufa. Dua fupi kila baada ya sala, au chupa ya maji aliyompa mpita njia mwenye kiu kwa nia ya babake. Lakini dua isigeuzwe kuwa fimbo. Usimwambie kwamba akiikosa, baba ataumia.

Baada ya miezi kadhaa wengi huanza kurudi, wanacheka na kugombana kama zamani. Akiwa mtoto bado hali vyema, amejitenga kabisa na wenzake, masomo yameporomoka na hayainuki, anajidhuru, au anasema ataka kumfuata babake, msingoje na msidhani ni shetani tu. Ruqya na dua zina mahali pake, na daktari ana mahali pake. Nendeni hospitali mwombe mshauri wa watoto, na simu ya watoto nambari 116 hupigwa bila malipo kutoka popote nchini.

Tunaandika haya Idi ikiwa haiko mbali, nayo Idi ya kwanza huwa ngumu kuliko siku ya arubaini. Basi mapema, siyo usiku wa kuamkia sikukuu, jamaa wapange: ni nani atakayempeleka mvulana huyu uwanjani kusali, avae kanzu iliyopigwa pasi na nani, ni nani atakayekaa na msichana yule kumpaka hina kama alivyopakwa na mamake, na wakiwa wanangoja hina ikauke, ni nani atakayelitaja jina la mama kwanza.